Kidonge cha Kwanza

Mimi ni mtu wa haraka. Chai nainywa ikiwa bado inatokota, kisha nakaa siku mbili nikilalamika ulimi umeungua. Nilipoolewa kutoka Rangwe nikaja huku Nyatike, chini kabisa, mto Kuja unapokaribia kumwaga maji ziwani, mama mkwe wangu alinitazama nikifagia uwanja asubuhi ya kwanza akasema, "Nyar Rangwe, huo uwanja hautoroki." Huku mwanamke aliyeolewa huitwa kwa alikotoka, na mimi nimebaki binti wa Rangwe hadi leo, ingawa Rangwe yenyewe siku hizi naenda kwa mazishi tu.

Tulikuwa wanawake wawili bomani, mimi na yeye. Baba mkwe alifariki kabla sijaolewa. Mume wangu alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu na alirudi kila Jumamosi akiwa na vumbi hadi ndani ya masikio. Maji ya mfereji yalipoletwa upande wetu, tulipata majaruba mawili ya mpunga yaliyopakana, la kwake na letu, na kati yake tuta jembamba la kupita mtu mmoja. Tulilima hivyo miaka kadhaa bila neno. Yeye kwa utaratibu wake, mimi mbio mbio.

Lazima nieleze desturi, kwa sababu bila hiyo mtu ataona nalia kwa jambo dogo. Katika boma la Kijaluo, mbegu haiingii udongoni kabla mama wa boma hajatia ya kwake. Tunaita golo kodhi. Mama anaanza, hata kama ni kiganja kimoja tu kwenye pembe ya shamba, kisha wake za wanawe wanafuata. Ukimpita, umemwambia mbele ya watu kwamba hayupo. Wapo wanaoamini kwamba ukimpita utapatwa na balaa, mtoto ataugua, ng'ombe atakufa. Mimi nimelelewa kanisani na hayo ya balaa siyashiki sana. Lakini maana yake naijua, na nilikuwa naijua siku ile. Sitaki kujificha nyuma ya kutojua.

Kwa mpunga mambo yalikuwa rahisi. Siku ya kuhamisha miche kutoka kitaluni, Mama alishuka na kitita chake kimoja, akapandikiza mistari miwili karibu na mahali maji yanapoingilia, akanyoosha mgongo na kusema, "Haya, Nyar Rangwe, kimbia sasa." Nami nikakimbia kwelikweli. Kupalilia hakukuwa na utaratibu huo, wala kutia mbolea. Yurea tulirusha kila mtu kwa wakati wake, kiganja baada ya kiganja, mara tatu kwa msimu, na nusu yake ilikwenda na maji hadi kwa jirani wa chini ambaye mpunga wake ulinawiri bila yeye kutoa jasho. Tulimtania kwamba anapaswa kutuletea kuku.

Halafu akaja bwana shamba na vidonge.

Hakuwa Mjaluo, kwa hiyo alizungumza nasi Kiswahili. Alitukusanya wanawake kumi na kitu kwenye tuta letu, akafungua mfuko na kutuonyesha. Ilikuwa yurea ileile, ila imeshindiliwa ikawa vipande vyeupe vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Hairushwi. Unaizamisha kwenye tope, kidonge kimoja katikati ya kila mashina manne, na hapo chini inakaa ikijitoa kidogo kidogo msimu wote. Wengi tulikuwa tunatazamana. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele, miguu imenyooka, na ndiye aliyeuliza.

"Hiyo kitu inakaa kwa udongo mpaka lini?"

"Mpaka mpunga inaanza kutoa masuke, mama. Inajiachilia pole pole."

"Na mtu anaweka moja moja? Kwa mkono?"

"Moja moja. Unasukuma kidole yote iingie. Maji iwe kidogo tu hapo juu, kama unene ya kidole imelala. Na usikanyage mahali umeweka."

"Shamba mzima?"

"Shamba mzima, mama. Lakini mara moja tu, basi. Hurudii tena."

Mama akatafakari. Alikuwa na vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, vimekaa upande kama vinataka kuondoka, na alivitazama kwa muda. Kisha akasema, "Basi hii si ya kutupa juu. Hii ni ya kuzika. Mimi nitaanza."

Bwana shamba akacheka kwa furaha, akidhani amepata mtu wa kujitolea. "Vizuri sana, mama. Wewe ndio utaanza." Wanawake wengine hawakucheka. Walijua amesema nini. Kitu kinachoingia udongoni kimoja kimoja kwa mkono, Mama alikihesabu pamoja na mbegu, na hakuna aliyekuwa na hoja ya kumpinga kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa hakijawahi kuwapo.

Mimi hoja nilikuwa nayo, ila niliinyamazia. Moyoni nilisema: hii ni mbolea, tangu lini mbolea ikawa na mkubwa na mdogo?

Tulipandikiza. Mama alianza, mimi nikafuata, kwa kamba iliyonyooshwa ili mashina yakae mraba. Vidonge vilitakiwa kuingia kabla siku kumi hazijapita. Maji yetu yanakuja kwa zamu, na zamu ilitupa asubuhi moja tu ya kuwa na maji machache majarubani. Saa sita yangefunguliwa tena, na baada ya hapo ungekuwa unazamisha mkono hadi kwenye kiwiko.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, Mama aliniambia akiwa mlangoni kwake, "Kesho nitashuka jua likishapasha kidogo. Magoti yangu hayapendani na baridi ya alfajiri."

Nikamwambia, "Sawa, Mama."

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa ndani ya tope.

Nimejiuliza sababu mara nyingi, na kila mara naanza na zile nzuri. Kulikuwa na zamu ya maji. Kulikuwa na vibarua wawili, wanawake wa jirani, waliofika mapema na hawakuja kukaa. Zote ni za kweli, na hakuna hata moja iliyonitoa nyumbani. Kilichonitoa ni kwamba bwana shamba alikuwa amesema atapita asubuhi hiyo kupiga picha za kuonyesha wakulima wa kwingine, na mimi nilitaka anikute nimemaliza nusu. Nilitaka aseme, huyu mama ni mkulima. Kwa sifa ya picha moja kwenye simu ya mtu, nilimpita mama mkwe wangu.

Alikuja jua lilipopasha, kama alivyosema. Nilimwona akitembea juu ya tuta taratibu, karai kichwani, leso safi kiunoni, na mkononi kijiti kifupi ambacho nilidhani ni cha kujishikiza, ingawa kilikuwa kifupi mno kwa kazi hiyo. Alikuwa amejipaka mafuta miguuni. Mtu hajipaki mafuta kwenda kwenye tope ila kama siku hiyo ina maana kwake.

Sikunyoosha mgongo. Niliendelea kuzamisha vidonge, macho chini, mpaka kivuli chake kikaangukia maji mbele yangu.

"Mmeanza?" akauliza.

Tulizungumza Kijaluo, lakini kwa lugha yoyote yale maneno ni yaleyale. Vibarua walinyoosha migongo. Mistari yangu ilikuwa imefika katikati ya jaruba, hakuna namna ya kuificha. Pale ningeweza kusema chochote. Ningesema, Mama nisamehe, maji yanarudi. Ningesema, shuka, mistari hii miwili nimekuachia. Ningedanganya hata. Badala yake nikasema, na nilisema huku nikitabasamu kwa vibarua, "Tumeanza, Mama. Hii ni mbolea tu. Si mbegu."

Kibarua mmoja akacheka. Nadhani alicheka kwa aibu, lakini kicheko hakina maelezo.

Mama aliitazama mistari. Alisimama kiasi cha mtu kupandikiza mashina matatu au manne. Kisha akageuka, na kwa kuwa tuta lilikuwa jembamba na magoti yake mabaya, kugeuka kwenyewe kulimchukua muda. Nilitazama miguu yake iliyopakwa mafuta ikirudi ilikotoka, mikavu. Kutoka pale hadi nyumbani kwake si mwendo. Ningemfikia kabla hajafika kwenye ua.

Bwana shamba alifika saa nne, akapiga picha. Nimo ndani yake, nimeinua kidonge juu na kucheka meno yote.

Laiti ule mpunga ungekufa. Nasema hivi nikiwa na akili timamu. Ungekauka, au ungelala chini kwa upepo, Mama angekuwa ameshinda na mimi ningeomba radhi kwa sababu ya lazima. Lakini mpunga haukufa. Wiki ya kwanza ulikaa umepauka huku wa wale waliorusha yurea ukiwa tayari kijani, nami nikaogopa kidogo. Baadaye wa wenzangu ukaanza kugeuka manjano, wao wakirudia kurusha mara ya pili na ya tatu, na wangu ukawa unazidi kukoza rangi bila mtu kuugusa. Watu walitoka mbali kuutazama. Walisimama palepale kwenye tuta Mama alipokuwa amesimama. Na kila aliyenisifu alinifunga mdomo zaidi, maana ningeombaje radhi kwa kitu ambacho kila mtu anakiita akili?

Jaruba la Mama halikupata kidonge hata kimoja. Fungu lake lilikuwa ndani kwake, kwenye kopo, na halikutoka. Alirusha yurea ya kawaida kama zamani, na mvua ikaisomba.

Tulipovuna nilipika wali wa kwanza, mwingi, kwa nyama ya kuku, nikampelekea kwenye sufuria iliyofunikwa kitambaa. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini. "Utawafaa watoto," akasema. Nikamwambia watoto wameshakula. Akasema, "Basi watakula tena." Hakuonja. Hakuwa amekasirika, laiti angekasirika. Alizungumza nami juu ya kuku, juu ya mtu aliyeugua kanisani, juu ya kila kitu.

Msimu uliofuata miche ilipokuwa tayari nilikwenda kwake kama desturi, nimwambie tunamngoja. Alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Anza tu," akasema. "Si wewe unaanza?"

Niliporudi nyumbani nikamwambia mume wangu, maana ilikuwa Jumamosi. Alikuwa ananawa miguu. Akaacha mguu mmoja na sabuni yake akanitazama. "Mama hawezi kusema hivyo," akasema. "Mama anaachia hiyo kazi siku akifa." Mimi najua, nikamjibu. Hakuniuliza nilifanya nini. Pengine alikuwa ameshasikia machimboni, huko habari zinafika kabla ya watu. Aliumaliza mguu wa pili na tukaenda kula.

Kwa hiyo nilianza. Msimu huo, na uliofuata, na uliofuata. Mama alikuwa hai, anatembea, anaimba kanisani, na mimi naanza shamba la boma lake kama mtu aliyekwisha kumzika. Jaruba lake alimpa jirani alilime. Wali aliupenda tangu zamani, hilo hakuliacha. Alimtuma mjukuu dukani anunue kilo ya mchele wa nje, ule wa kwenye mfuko wenye picha, na mtoto alipita nao mbele ya ghala letu lililojaa magunia hadi mlangoni.

Nilijaribu. Nilimnunulia leso. Nilimtuma mchungaji, ambaye alirudi ameshiba chai na hakuwa amesema chochote. Siku moja nilikaa kwake kuanzia alasiri hadi kuku wakaingia, nimejiapiza kwamba leo nasema, na nikajikuta namweleza jinsi vidonge vinavyofanya kazi. Namweleza yeye, aliyekuwa ameuliza maswali yote! Alinisikiliza hadi mwisho. "Kumbe," akasema.

Hicho ndicho kinachonichekesha vibaya ninapokuwa peke yangu. Nilijua kumweleza mtu yeyote uzuri wa mbolea isiyo na haraka. Mafunzo mengine bwana shamba aliniachia mimi niyatoe, na niliyatoa hadi Homa Bay kwa wakulima wa mifereji ya huko, nikisema vumilieni, msiogope rangi ya wiki ya kwanza, kitu kiko chini kinafanya kazi. Nilipigiwa makofi. Mimi ambaye sikuweza kungoja jua lipashe.

Mama aliugua figo. Binti yake, wifi yangu, ameolewa Mbita na alitaka mama awe karibu naye, kwa hiyo alilazwa Homa Bay. Nilikwenda kila nilipopata nafasi, na nilimhudumia vizuri, hilo sitajinyima. Nilimwogesha, nilimkata kucha za vile vidole. Siku moja, karibu saa tisa mchana, nikiwa nafunga vyombo ili niwahi gari la kurudi Migori, aliniita.

"Miche imeshika?"

"Imeshika, Mama."

"Vile vidonge mnazika lini?"

"Jumanne."

"Maji yasizidi unene wa kidole kilicholala," akasema. "Na msikanyage mlipozika." Alikuwa na kila neno la bwana shamba, tangu siku ile. Akapumua kidogo, kisha akauliza, "Nani ataanza?"

Aliuliza polepole, akinitazama usoni, kitu ambacho alikuwa hajafanya kwa muda mrefu. Alikuwa amefungua mlango yeye mwenyewe, mgonjwa, kwa sababu mimi mzima nilishindwa. Nilitakiwa kusema, tutakungoja wewe, Mama. Maneno matatu. Angecheka pengine, maana tulijua wote wawili hatatoka pale akaingie topeni. Lakini nilikuwa na kikapu mkononi na gari kichwani, na nilisikia swali la kazi tu.

"Vibarua wameshapatikana," nikasema.

Akafumba macho. "Vizuri," akasema. "Nenda, usije ukaachwa."

Nilikuwa ndani ya gari, tumeshapita Rangwe, ndipo nikaelewa ameniuliza nini. Nilijiambia nitamjibu Jumatano, baada ya vidonge. Jumanne tulizika vidonge. Jumatano, kabla sijaondoka nyumbani, wifi akapiga simu.

Baada ya mazishi tulipotoa vitu nyumbani kwake, niliona nyuma ya mlango kijiti kimening'inizwa kwa kamba kwenye msumari. Kilikuwa kile cha siku ile. Nilikitambua kwa ufupi wake. Kilikuwa kimechongwa kwa kisu kikalainika, ncha butu, na karibu na katikati kimekatwa alama kuzunguka. Nilikishika bila kuelewa, kisha nikakilaza kando ya kidole changu cha kati. Kutoka kwenye ncha hadi kwenye alama ni kidole kizima. Vidole vyake havikuweza kunyooka, kwa hiyo alikuwa amejichongea kimoja kinachonyooka. Ncha ilikuwa nyeupe, safi, mti mtupu. Chini yake, sakafuni, kulikuwa na lile kopo, na vidonge vilikuwa vimeyeyuka kwa unyevu wa miaka vikashikamana kuwa kitu kimoja kigumu.

Nilikaa kwenye kitanda chake na nililia kwa sauti, nikijua kilio hicho kimechelewa na kwamba ni changu, si chake.

Sasa mwanangu ameoa. Mke wake ametoka Kehancha, ni Mkuria, na kwa kuwa yeye hajui Kijaluo na mimi Kikuria sijui, tunaelewana kwa Kiswahili. Ni msichana wa simu na miwani ya jua, na mwanzoni nilidhani mambo ya nani anaanza yatamchekesha. Msimu huu, asubuhi ya vidonge, nilichelewa. Kuku mmoja alikuwa ameatamia kichakani na nilimtafuta hadi jua likawa kali. Niliposhuka nilimkuta amesimama juu ya tuta, gambuti miguuni, karai limejaa vidonge, na jaruba lote halijaguswa. Vibarua wamekaa kivulini. Saa sita haikuwa mbali.

"Mbona hujaanza?" nikamwambia. "Maji inarudi saa hii."

"Nitaanza aje, mama, na wewe uko?"

Niliingia topeni, nikachomoa kijiti kutoka kiunoni nilipokuwa nimekichomeka, nikaweka kidonge katikati ya mashina manne ya kwanza na kukisukuma hadi alama ikazama. Yeye akaja nyuma yangu, akitazama asikanyage.

"Hiyo kijiti ni ya nani?" akauliza.

"Ya nyanya ya bwana yako."

"Alikuwa anatumia kuweka hii mbolea?"

Nikamwambia alikichonga yeye mwenyewe, kwa kazi hii. Hilo ni kweli. Akasema, "Alikuwa na akili," nami nikasema ndiyo, kisha nikainama na kwenda mbele kwenye mistari mingine haraka haraka, kabla hajauliza zaidi.